Yaliyomo Kati ya Mabano

Menejimenti ya karakana ya mawe na vibao inawatangazia wafanyakazi wote, wa kudumu na wa muda, pamoja na mashine zilizo chini yao, kwamba kuanzia tarehe ya tangazo hili uvivu wa aina yoyote hautavumiliwa. Kwamba kila kazi iliyoanzwa itafanywa mpaka mwisho bila kuishia njiani. Na kwamba hakuna jiwe lenye kosa litakalotoka kwenye lango la karakana likabaki huko nje. Tangazo lilibandikwa kwa gundi, siyo kwa pini. Lilisainiwa na mkurugenzi, likapigwa muhuri, kisha likapigwa muhuri tena kwa sababu ule wa kwanza ulitoka umefifia.

Wengi walilisoma wakaendelea na kazi. Aliyerudi kulisoma mara ya pili, pale penye "mashine zilizo chini yao", ni mwanamke mmoja aliyeitwa Mabano. Hilo si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na fundi wa mashine ya kuchonga, siku aliyosimama mbele ya wenzake kuwaeleza kwamba kuanzia sasa maneno ya kuchongwa kwenye jiwe yataandikwa ndani ya mabano ya mraba, na yaliyo nje ya mabano ni maelezo ya ofisini. Alilitaja neno hilo mara nyingi kiasi kwamba kufikia saa ya chakula hakuna aliyekumbuka jina lake jingine.

Alikuwa ameajiriwa kama mpiga chapa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kunakili maneno ya wafiwa kutoka kwenye kompyuta ya karani na kuyaingiza kwenye kompyuta ya mashine, iliyokuwa hatua chache tu kutoka hapo. Alifanya hivyo kwa miaka, kwa uaminifu, mpaka siku moja akachoka. Kwa kuwa hakuna aliyemzuia, akajifunza lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript kwenye kitabu kilichokosa jalada, akaandika programu ndogo ya kumfanyia kazi ile. Karakana ikamsifu kwa bidii. Ukweli ni kwamba alichoka kunakili, lakini hakuona haja ya kuwasahihisha.

Sasa, kilichozaa tangazo lile ni jiwe la mkunga. Mkunga mstaafu, aliyepokea nusu ya watu wa mtaa wake, alifariki, na wanawe wakaagiza jiwe la kijivu lenye maneno juu na mstari mmoja chini. Siku ya pili jiwe lilirudi karakana juu ya pikapu, limefunikwa blanketi kama mgonjwa. Juu lilisomeka ALIPOKEA WENGI. Kisha, bila nafasi ya kupumua, bano la kufunga, halafu MTEJA ANAONGEA TARATIBU SANA USIMKATIZE, halafu bano la kufungua, na mwishowe AMEPUMZIKA. Mtoto mkubwa wa marehemu, ambaye kweli aliongea taratibu, alichukua muda mrefu kueleza malalamiko yake. Hakuna aliyemkatiza.

Mkurugenzi hakuwa mjinga. Alianzia kwenye patasi na nyundo, na vidole vyake viwili vilikuwa vimepinda kwa ushahidi. Kwa uzoefu wake, jiwe likiharibika kuna mtu mahali fulani aliyezembea. Alimtafuta mtu huyo asubuhi nzima, akamkosa, akaamua kuwatangazia wote.

Mabano aliliona kosa kabla chai yake haijapoa, na kosa lilikuwa lake.

Ilikuwa hivi. Katika programu yake kulikuwa na ruwaza, ambayo wenye kazi hiyo huiita rejeksi: kijisentensi cha alama kinachoiambia kompyuta itafute nini ndani ya maandishi. Yake ilikuwa imeandikwa hivi: /\[(.*)\]/. Maana yake ni nyepesi kuliko sura yake. Tafuta bano la kufungua. Kisha nukta, yaani herufi yoyote. Kisha nyota, yaani kwa wingi wowote. Kisha bano la kufunga. Unachokikuta katikati, kichukue. Mikwaju iliyolala mbele ya mabano, yaani vile vijistari vya mshazari, ni ya kuiambia kompyuta kwamba haya ni mabano ya kweli, siyo yale yenye kazi maalumu.

Kwa miaka mingi kila oda ilikuwa na jozi moja tu ya mabano, na ruwaza ilifanya kazi bila kosa. Shida ilianza wateja walipotaka maneno ya juu na ya chini, yaani jozi mbili. Nyota ile haina kiasi. Ikishaona bano la kufungua, haisimami kwenye bano la kufunga la kwanza. Inapita hapo bila hata salamu, inakwenda mpaka mwisho wa mstari, ndipo inageuka na kurudi nyuma ikitafuta bano la kufunga, na la kwanza kukutana nalo katika kurudi ndilo la mwisho katika kuandikwa. Kwa hiyo inabeba vyote: ya juu, ya chini, na yote ambayo karani ameandika katikati kwa faida ya ofisi.

Nukta ile, kwa kawaida yake, haivuki mstari, na karani angekuwa anabonyeza kitufe cha kushuka mstari, mkunga angelala salama. Lakini karani alijifunza kuchapa kwenye simu ambayo kitufe hicho kilituma ujumbe kabla haujaisha. Aliwahi kumtumia mama mkwe wake nusu ya sentensi. Tangu hapo kitufe hicho hakigusi, na oda zake zote, hata ziwe ndefu vipi, ni mstari mmoja.

Dawa ni alama moja ya kuuliza baada ya nyota, ya kuisimamisha kwenye bano la kufunga la kwanza, na herufi g mwishoni ili kila jozi ichukuliwe kivyake: /\[(.*?)\]/g. Mabano alijaribu kwenye oda ya mkunga, akapata ALIPOKEA WENGI, akapata AMEPUMZIKA, na yule anayeongea taratibu akabaki ofisini. Kilichobaki ni saini, kwa sababu tangu siku ya tangazo hakuna badiliko lililoruhusiwa bila saini. Akaandika ripoti fupi. Kwa kuwa ni mtu wa kuandika mambo kama yalivyo, akaandika kwamba ruwaza ya zamani ilikuwa ya aina iitwayo mlafi, na sasa imefanywa kuwa ya aina iitwayo mvivu.

Mkurugenzi aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akaisoma tena.

"Hii ya sasa ndiyo mlafi?"

"Ndiyo, bosi."

"Na wewe unataka nisaini iwe mvivu."

"Ni neno la vitabuni tu, bosi. Maana yake inasimama mapema."

"Tangazo nalo ni maneno tu, na gundi yake haijakauka." Alivua miwani. "Mabano, mlafi nimewahi kumwajiri, na kazi alifanya. Mvivu sijawahi."

Mabano alisema ipo njia nyingine, ya kuiambia ruwaza ichukue chochote kisichokuwa bano la kufunga, na hiyo haina mlafi wala mvivu. Akamwandikia pembeni ya karatasi: /\[([^\]]*)\]/g. Mkurugenzi alitazama yale mabano ndani ya mabano, na kile kikofia, akasema hii hata kama haina jina baya ina sura mbaya. Suala likapelekwa kwenye kikao cha wakuu wa vitengo. Kikao kilikuwa kinamsubiri mkuu wa usafirishaji, aliyekuwa likizo.

Kwa kuwa watu hawaachi kufa kwa sababu ya kikao, Mabano alimwendea karani na kumwomba kwamba mpaka saini ipatikane kila oda iwe na jozi moja tu ya mabano, hata kama mteja anataka ya juu na ya chini. Karani akakubali. Alikuwa mtu wa kukubali.

Katika wiki hiyohiyo Mabano aliagiza jiwe la baba yake.

Baba yake alikuwa fundi saa, mtu mwembamba aliyefariki miezi michache nyuma na kuacha watoto wawili, Mabano na kaka yake, na dada mmoja, ambaye kwa watoto hao ni shangazi. Kaka ni afisa wa bima na kwa kazi yake amezoea kuona kwamba kila marehemu alikuwa mpole. Siku ya mazishi alisimama akasoma wasifu, akafika kwenye neno hilo, na shangazi, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, akasema, "Mpole wapi." Kaka alikunja karatasi akaondoka katikati ya watu. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Simu zao zote zilipitia kwa Mabano, ambaye alizichuja kadiri alivyoweza.

Kuweka jiwe ndilo jambo pekee ambalo wote wawili walikubali kulihudhuria. Kila mmoja aliuliza kwanza kama mwenzake atakuwepo, na Mabano akamjibu kila mmoja kwa namna isiyokuwa uongo. Alijua kwamba jiwe hilo likiharibika hawatakutana tena mpaka azikwe mwingine, na katika familia yao waliobaki walikuwa wa kuhesabika. Kwa hiyo alichagua maneno ambayo hakuna awezaye kuyagombania: BABA YETU, na chini ya hapo tarehe. Akayapeleka kwa karani kama mteja mwingine yeyote, maana mfanyakazi haruhusiwi kujiandikia oda, kisha akachukua ruhusa kwenda kushughulikia usafiri na viti.

Alipokuwa hayupo, kaka alipiga simu karakana, akasema yeye ndiye mkubwa wa familia, na pasipo neno "mpole" asihesabiwe kuwa mmoja wa waliolipia. Muda si mrefu shangazi naye akapiga, akasomewa neno hilo, akataka liandikwe "Lala, baba". Karani alimsikiliza kila mmoja mpaka mwisho na kuandika kila kitu, kama kawaida yake. Kisha akakaa akatafakari, akaona njia ya kuwaridhisha wote: maneno ya kaka yakae juu, maneno ya shangazi yakae chini. Jozi mbili, na tarehe ikaachwa. Lile ombi la jozi moja alilikumbuka vizuri. Ila alidhani ni la wateja, siyo la mwenye programu mwenyewe. Aliona haiwezekani mtu akatazwe na kitu alichokitengeneza kwa mkono wake.

Ikaja zamu ya fundi. Mashine yake hupunguza ukubwa wa herufi yenyewe ili maneno yaenee kwenye jiwe, na yeye huvaa vizibo vya masikio na kutazama maji ya kupoza, siyo maneno. Lakini herufi zilipoanza kutoka ndogo kama za kwenye chupa ya dawa, alitazama. Alisoma SHANGAZI KAPIGA SIMU. Mkono wake, kwa maelezo aliyoyatoa baadaye, ulikuwa tayari kwenye kitufe chekundu. Akainua macho, akaliona tangazo ukutani, pale penye kazi iliyoanzwa kufanywa mpaka mwisho bila kuishia njiani. Akaurudisha mkono mfukoni. Jiwe likaisha, likaoshwa, likafungwa blanketi, likapelekwa makaburini moja kwa moja.

Siku yenyewe ilikuwa ya mawingu, na kila mtu alikubaliana kwamba hiyo ni afadhali. Kaka alisimama upande mmoja wa kaburi, shangazi upande wa pili, na Mabano akasimama kichwani ambako angeweza kuwaona wote. Wafanyakazi wa makaburi wakaliweka jiwe, wakalisawazisha, wakalifungua blanketi na kwenda zao.

Mabano aliliona bano la kufunga kabla hajasoma neno lolote. Lilikuwa katikati ya mstari wa kwanza, limechongwa vizuri, lina kina sawasawa. Alilitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake. 

Shangazi alikuwa amesahau miwani. Alipapasa mkoba, akapapasa tena, kisha akasema, bila kumtazama mtu, kwamba kuna mtu amsomee. Wote wakamwangalia kaka, kwa sababu ndiye mkubwa na kwa sababu siku ya mazishi ndiye aliyesoma. Kaka akasogea. Ni mtu aliyezoea kusoma nyaraka kwa sauti mbele ya wateja na kutozigeuza, kwa hiyo alisoma kilichoandikwa.

"Baba yetu, mtu mpole. Shangazi kapiga simu anasema mpole wapi, alikuwa akigombana hata na redio."

Hapo aliinua macho. Mabano alimtazama shingo ikivimba kama siku ile. Shangazi alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Endelea, baba," shangazi akasema. Ndilo neno la kwanza alilomwambia tangu mazishi.

Kaka akaendelea, taratibu zaidi. "Ila hakulala kabla hajapita vitandani kufunika watoto. Na huyo kaka mtu ndiye aliyekuwa akijifunua zaidi, alikuwa anarudiwa mara mbili." Akashuka mstari wa mwisho. "Lala, baba."

Mmoja wa wajukuu aliuliza kwa nini babu ana mabano, akaambiwa asubiri.

"Shangazi," kaka akasema, "haya uliyasema wewe?"

"Niliyasema kwa simu. Sikujua simu zinachongwa."

"Mimi nilisikia ile ya 'mpole wapi' tu."

"Uliondoka, baba. Nilikuwa bado naongea."

Kaka akauliza kitanda chake kilikuwa wapi wakati ule, kama ni kile cha dirishani au kile cha mlangoni, kwa maana hakumbuki kufunikwa. Shangazi akasema ni cha mlangoni, na angekumbuka vipi ilhali alikuwa amelala. Akalizunguka kaburi, akamshika kiwiko, akamwambia amsogeze karibu apapase hizo herufi, maana macho hayamsaidii. Wakainama pamoja. Shangazi alipapasa mstari kwa mstari, na alipofika kwenye redio alitikisa kichwa kama mtu anayekubaliana na shahidi.

Mabano alisubiri wanyooke, ndipo akawaeleza. Alisema kosa ni lake, alieleza nyota na bano la mwisho, na alieleza kwamba karakana ina tangazo rasmi na jiwe jipya litachongwa bila gharama yoyote. Walimsikiliza kwa adabu. Kaka akauliza kama hilo jipya litakuwa na habari ya vitanda. Mabano akasema hapana, hiyo ilikuwa maelezo ya ofisini. Kaka akasema "Aha," akamsindikiza shangazi mpaka kwenye gari lake mwenyewe, ingawa shangazi alikuja na gari jingine.

Karakana ilichukua hatua. Fundi aliulizwa kwa nini hakusimamisha mashine, akaonyesha tangazo kwa kidole. Karani alimwendea Mabano na maneno mengi ya kujuta, yote katika sentensi moja. Mkurugenzi hakusubiri tena mkuu wa usafirishaji. Alimwita Mabano, akamwambia ametafuta neno usiku kucha na amelipata: ripoti iseme kwamba ruwaza imefundishwa kutosheka. Mabano alisema kutosheka ni neno zuri. Saini ikapatikana, muhuri ukagongwa, alama ya kuuliza ikaingia mahali pake. Tangu siku hiyo hakuna jiwe lililotoka na maneno ya ofisini, jambo ambalo mkurugenzi, kwenye vikao, analihesabu kuwa matunda ya tangazo.

Jiwe jipya la fundi saa lilikuwa la kwanza kuchongwa kwa ruwaza iliyotosheka. BABA YETU, MTU MPOLE juu. LALA BABA chini. Herufi kubwa, nafasi za kutosha, pembe zimenyooka. Mkurugenzi mwenyewe alipitisha vidole vyake vilivyopinda, akasema halina kosa hata moja, na kwamba lile la kwanza lirudishwe mara moja kama tangazo linavyotaka. Karani akampigia kaka aje achukue jipya na kurudisha la zamani. Kaka akasema aulizwe shangazi. Akampigia shangazi, naye akasema aulizwe kaka, na nyuma ya sauti yake karani alimsikia kaka akicheka.

Hilo lisilo na kosa liko nyuma ya karakana, karibu na bomba la maji. Karani huliegemezea baiskeli yake.